Tulikwenda Kunipima Mimi

Mwaka ule nilipopunguzwa kazi reli, mke wangu aliniambia mchana mmoja kwamba nimeshakula, nami nikamwamini.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nyumbani kwetu Kiseke, nikisubiri kuitwa mezani. Saa nane ikapita. Nikaingia ndani, nikamkuta anakunja vitambaa, nikamuuliza kama chakula bado. Alinitazama kwa namna aliyokuwa ameanza kunitazama siku hizo, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, akasema, "Umekula, baba. Ugali na sato. Umesahau?"

Tumbo lilikuwa linaniambia jambo moja na mke wangu jingine, na kwa miaka ishirini na minane ya ndoa sikuwahi kumwona mke wangu akikosea kitu cha namna hiyo. Nikarudi kibarazani, nikajaribu kuukumbuka ugali huo. Baada ya muda nikaukumbuka kweli, au nilidhani nimeukumbuka: nilikumbuka hata mwiba mmoja wa samaki uliokuwa umenikwama kwenye jino. Nilikaa na njaa hadi jioni, nikiona aibu kuitaja.

Ili mtu aelewe kwa nini nilimwamini, inabidi ajue tulikuwa watu gani. Mimi nilikuwa karani wa vifurushi. Kazi yangu yote ilikuwa kuandika, na kwa kuwa niliandika, sikuwa na haja ya kukumbuka. Watoto walizoea kunicheka kwamba siwezi kutaja siku zao za kuzaliwa. Mke wangu alikuwa fundi cherehani sokoni mjini, na vipimo vya wateja wake alikuwa navyo kichwani. Mama mmoja angeweza kuja baada ya miaka miwili, naye angemwambia kifua chake, kiuno chake na urefu wa mkono wake kabla hajachukua futi, kisha amwambie, bila kumuudhi, kwamba safari hii ataongeza kidogo hapa ubavuni. Misiba, ndoa, nani alimzaa nani upande wangu wa Usukumani na upande wake wa Majita, yote alikuwa nayo. Ndugu zangu mwenyewe walimwuliza yeye habari za ukoo wetu.

Kisha mambo yakabadilika kwa haraka, na sisi tulikuwa watu wazima tayari. Mitumba iliingia kwa marobota, na mtu aliyekuwa akishonesha gauni la sikukuu akawa ananunua gauni lililoshonwa tayari, lenye vifungo vizuri kuliko tulivyoweza kupata. Mke wangu aliacha kibanda chake sokoni, akaleta cherehani nyumbani, akabaki na sare za shule na magauni ya kwaya. Ufukweni viwanda vya minofu vikafunguliwa. Redio, ambayo ilikuwa moja, zikawa nyingi, na vyama vya siasa vivyo hivyo, na madukani kukawa na aina za sabuni nisizojua kuzichagua. Mimi nikaitwa ofisini na wenzangu, tukaambiwa tumepunguzwa. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano. Nilirudi nyumbani na kalamu zangu mfukoni, nikaanza kukaa kibarazani.

Wanaume waliopunguzwa walikuwa na sifa mbaya mtaani. Ilisemekana akili zao huyumba. Mmoja tuliyefanya naye kazi aliendelea kuvaa sare na kwenda stesheni kila asubuhi. Kwa hiyo vitu vilipoanza kwenda ovyo nyumbani kwetu, hakuna aliyejiuliza ni nani chanzo. Mimi pia sikujiuliza.

Betri za redio nilizokuwa nimezianika juani nilizikuta ndani ya kopo la sukari. Mke wangu akasema nimeziweka mimi. Pasi ya mkaa ilikutwa juu ya kiti ikiwa bado na moto, kiti kimeungua umbo lake. Akasema niliichukua ninyooshe shati langu la kanisani. Kulikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji yangu ambacho hatukuhudhuria, na ndugu walipokuja juu aliwaambia kwa upole kwamba ujumbe wa siku ya kikao niliachiwa mimi Jumanne nami sikumfikishia. Nilijaribu kuikumbuka Jumanne hiyo. Sikuipata. Nikaomba radhi.

Alikuwa ameanza pia kuniambia nimwandikie vipimo vya wateja. Nilidhani ananihurumia, ananipa kazi ya ukarani ili nisikae bure. Nilinunua daftari, nikalichorea mistari. Siku moja jirani alirudisha shati la sare la mwanawe, mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine kwa upana wa vidole vitatu. Mke wangu alinigeukia, akasema nimeandika vibaya. Nikafungua daftari. Urefu wa mkono huandikwa mara moja tu, kwa sababu mikono ya mtu ni sawa, na nilikuwa nimeandika namba moja, kwa mwandiko wangu, wala haikuwa na kosa. Nilipaswa kuuliza namba moja ilizaaje mikono miwili. Sikuuliza. Niliitazama namba ile hadi nikaanza kudhani labda niliisahihisha baadaye.

Usiku nilipolala nilijipima mwenyewe. Nilitaja vituo vya reli kwa mpangilio, Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka, hadi Tabora, kisha nikarudi kinyume. Vilikuja vyote. Lakini hilo halikunipa moyo, maana nilishasikia kwamba wazee wanaopotea huyakumbuka ya zamani vizuri kabisa.

Binti yetu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Buhongwa, na Jumamosi alikuja kututazama. Mama yake alimsimulia yote akiwa jikoni, kwa sauti ambayo nilitakiwa nisiisikie. Binti akatoka nje akaketi karibu nami. Alisema amesikia kwa mwalimu mwenzake habari za daktari mmoja anayekuja mara moja kwa mwezi katika hospitali moja ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, daktari aliyesomea magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu. Alisema kuna ugonjwa wa kusahau ambao si uzee tu, na kwamba ukipimwa mapema ni afadhali. Nikamuuliza afadhali kwa vipi. Hakujua. Alisema tu kwamba ni afadhali.

Mke wangu akasema tutakwenda wote, kwa sababu nikienda peke yangu nitapotea njiani.

Tulivuka kwa kivuko cha asubuhi. Alinishika mkono tulipopanda, na watu wakatupisha. Nakumbuka alivyokuwa amependeza siku hiyo, gauni la bluu alilolishona mwenyewe zamani, na jinsi alivyoniuliza mara mbili kama nimechukua kitambulisho. Nilimjibu mara mbili. Nilidhani ananijaribu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, kwa kukisia hajafika arobaini. Alituamkia, "Shikamooni," akatupa viti, akaniuliza mimi shida yangu. Mke wangu akamjibu. Alieleza habari za betri, za pasi, za ule ujumbe wa harusi. Daktari aliandika. Kisha akaniambia ana maswali mepesi ya kuniuliza, mengine ya kitoto, nisikasirike, kwa kuwa huwauliza watu wote.

Akaniuliza mwaka. Mwezi. Siku ya wiki. Nilijibu polepole kama mtu anayevuka matope, nikihofia kila neno. Aliniuliza rais ni nani, na kabla sijafungua mdomo mke wangu alinisaidia, akamtaja yule aliyekuwa ameshaondoka. Nilimtazama. Ilikuwa kosa dogo, kila mtu alilifanya siku zile. Nikamtaja wa sasa, na mara baada ya kumtaja nikaingiwa na shaka kama ndiye.

Daktari alinipa maneno matatu niyashike: jembe, chungwa, mlango. Akanipeleka kwenye hesabu, nitoe saba katika mia, nitoe saba tena, na tena. Akaniambia nikunje karatasi kwa mkono wa kulia niiweke sakafuni. Kisha akataka yale maneno. Mke wangu aliniinamia sikioni, akaninong'oneza, "Jembe. Kuku." Mimi nilikuwa na chungwa kichwani, naye ananiambia kuku. Daktari akasema kwa adabu, "Mama, mwache baba ajibu mwenyewe." Nikasema jembe, chungwa, mlango. Nilisema hivyo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, lakini ningeambiwa niape, ningeapa kwamba mke wangu ndiye aliyesikia sawa.

Daktari aliweka kalamu chini. Alitutazama wote wawili kwa muda. Halafu akasema utaratibu wake ni kumuuliza pia yule aliyemsindikiza mgonjwa, ili alinganishe. Sijui kama huo ulikuwa utaratibu kweli. Mke wangu akacheka, akasema haya, na aulizwe, labda na yeye ameanza kuzeeka.

Nilikuwepo chumbani, niliyaona. Mwaka aliukosea kwa miaka minne. Mwezi aliupata. Kwenye hesabu alitoa saba mara moja, kisha akasema wateja wake hawana mwili wa namba kama hizo, na tukacheka sote, na hesabu ikaishia hapo. Maneno matatu hakuyapata hata moja, ila hakusema hayajui, alisema hakupewa.

Mwisho daktari akampa karatasi, akamwambia achore uso wa saa, aweke namba zote, na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mke wangu alikuwa mtu wa kukata kola ya mviringo kwa jicho, bila kielelezo. Alichora duara safi. Kisha akaanza kuandika namba, moja, mbili, tatu, akazibana zote upande wa kulia, hadi kumi na mbili ikaangukia chini, na upande wote wa kushoto ukabaki mtupu. Akaitazama kazi yake, akaridhika, akamrudishia daktari. Uso wake ulikuwa na utulivu mkubwa kiasi kwamba nilichukua miwani yangu, nikaifuta, nikaivaa tena. Nilidhani mimi ndiye nisiyeona sawa.

Daktari alimwomba aende na muuguzi akatolewe damu. Mlango ulipofungwa akaniambia, "Baba, wewe kumbukumbu yako ni nzima. Nakuona una huzuni, na sikio la kulia halisikii vizuri. Ninayemhofia ni mama."

Nilimwambia amekosea. Nilimweleza habari za vipimo vya wateja, za koo mbili alizozishika kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema watu wenye akili kali wanaweza kuuficha ugonjwa huu muda mrefu, wakati mwingine wasiuone hata wenyewe, na mtu asipokumbuka kwamba ameweka kitu mahali, kwake ni kweli kabisa kwamba kakiweka mwingine. Mke wangu, basi, hakuwa akinidanganya. Alikuwa akiniambia anachokijua.

Nikauliza huo ugonjwa ni upi. Akautaja, Alzheimer, jina nililomwomba alirudie. Akasema hana kipimo kimoja cha kumwonyesha ndiyo au hapana. Damu ataipima kwanza, maana kuna magonjwa mengine yanayosahaulisha na yana dawa: kaswende ya zamani, tezi la shingo, upungufu wa damu. Mashine ya kupiga picha ubongo hakuwa nayo. Alichobaki nacho ni yale maswali, kuyauliza leo, na kuyauliza tena baada ya miezi sita, aone yameelekea wapi. Nilimuuliza kama ni huo, dawa ipo. Alisema ya kuponya hakuna, na hatanidanganya. Nikamuuliza sasa tumepima ili iwe nini.

"Ili mama ajue sasa hivi, wakati bado anaweza kuamua mambo yake. Mwambie, baba. Au niwaambie wote pamoja akirudi."

Nilisema nitamwambia mwenyewe nyumbani.

Kwenye kivuko tulikaa upande wenye kivuli. Aliniuliza daktari amesemaje. Nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini sikuyatumia. Nikasema amesema turudi baada ya miezi sita. Aliitazama miamba ya mjini ikikaribia, kisha akanipapasa goti. "Usiogope," akasema. "Nitakuangalia." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza miezi ile sita, ambayo hadi leo sijui niiite nini. Mke wangu aliniuguza. Alichukua chaki yake ya kushonea, akaandika kwenye makopo SUKARI, CHUMVI, MAJANI, ili nisichanganye. Akaandika kwenye mlango wa nyuma FUNGA. Asubuhi aliniambia ni siku gani, na kwa kuwa mara nyingi alikosea, nilianza kusema mimi kwanza, kwa sauti kama ya mtu anayejaribu, naye akanisifu. Maandishi yale yalimsaidia. Nilimwona akisimama mbele ya makopo, akisoma moja baada ya jingine kwa midomo, kisha akichagua. Nilijiambia kwamba nikinyamaza, anajitibu bila kujua. Nilijiambia pia majibu ya damu bado. Majibu yalipokuja, damu ilikuwa safi, na bado nilinyamaza.

Ugumu ni kwamba hata mimi sikuamini sana. Daktari alinitazama saa moja. Mke wangu alikuwa amenitazama karibu miaka thelathini. Zilikuwepo siku alizokuwa mzima kabisa, akisimulia mambo kwa ufasaha, akimtaja kila mtu, na siku hizo nilijiuliza kama daktari hakuchanganya karatasi zetu. Nilisahau mwavuli kanisani mara moja, nikarudia vituo vya reli njia nzima.

Nilimwambia binti yetu. Nilimpeleka hadi barabarani nikamweleza neno kwa neno. Alinisikiliza machozi yakimlengalenga, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Baba, mama ndiye anayekutunza." Aliona nimeugeuza ugonjwa wangu nikamvika mwenzangu. Nilitaka kubishana, nikaona nikibishana ndio nitamthibitishia. Ilichukua wiki kadhaa. Jumamosi moja mama yake alimuuliza mitihani ya shule inaanza lini. Akamjibu. Wakala, wakaosha vyombo, akamuuliza tena. Akamjibu. Alipokuwa anavaa viatu aondoke akamuuliza mara ya tatu, kwa shauku ileile. Binti yangu aliinua macho akanitazama mimi, wala hakuyaondoa haraka.

Lililobaki moyoni kuliko yote ni la kanisani. Mke wangu alikuwa amewaambia wazee wa kanisa hali yangu. Jumapili moja, baada ya matangazo, mzee mmoja akasema tuna ndugu yetu ambaye fahamu zake zinasumbuliwa, na akaniomba nije mbele. Ningeweza kukataa. Nilinyanyuka. Mke wangu alinifuata, akasimama nyuma yangu, akaweka mkono wake begani kwangu. Kanisa zima likaomba. Waliomba kumbukumbu zangu zirudi, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kisukuma, na mkono wake ulikuwa na joto. Sikujua kama sala ile inakwenda kwangu au kwake. Niliomba nami. Nadhani niliomba iwe ni mimi kweli.

Miezi sita ilipotimia tulivuka tena. Daktari alituuliza maswali yaleyale. Mimi nilijibu. Mke wangu alijibu vibaya kuliko mara ya kwanza. Saa aliyoichora haikuwa na mishale. Daktari alivuta kiti karibu naye, akamshika mkono, akasema, "Mama, kama baba alivyokueleza mara ile..."

Mke wangu akageuka. "Alinieleza nini?"

Daktari alinitazama, nami nikatazama sakafu. Kwa hiyo akamweleza yeye, taratibu, kila kitu, kwa Kiswahili chepesi. Mke wangu hakulia. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama watoto watarithi. Daktari akasema si lazima, lakini hawezi kuapa. La pili, atabaki na muda gani wa kujijua. Daktari akasema hajui, huenda miaka miwili, huenda mitano. Mke wangu akamshukuru, akachukua mkoba wake.

Hakusema neno hadi kivuko kilipofika katikati ya maji. Nilidhani labda ameshasahau, na nina aibu kusema kwamba sehemu yangu moja ilitamani iwe hivyo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulisimama mbele ya kanisa ukaombewa ugonjwa wangu. Na mimi nikakushika bega."

Nilianza kueleza. Akanyanyua kiganja, nikaacha.

Hasira yake ilidumu. Hilo lilinishangaza, kwamba mtu anayesahau kama amekula asubuhi aliweza kulishika jambo hilo wiki baada ya wiki. Wakati mwingine alikuwa amekasirika bila kukumbuka kwa nini, akaniuliza nimemfanyia nini, na mimi, ambaye sasa nilikuwa nimeapa kutoficha tena kitu, nikamwambia, naye akakasirika upya kama ndiyo kwanza anasikia. Binti alinishauri niseme tu sijui. Sikujua lipi ni kosa kubwa zaidi.

Lakini daktari alikuwa amesema kweli katika jambo moja: mke wangu aliamua mambo yake. Cherehani alimpa binti wa jirani aliyekuwa akijifunza. Aliniambia anataka azikwe Kiseke, si Majita, ili watoto wasihangaike. Alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa akawaambia mgonjwa ni yeye. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani baadaye kuniuliza faraghani kama ni kweli, au ni mimi niliyemtuma. Na kwenye kopo la majani alifuta maandishi ya zamani, akaandika upya kwa herufi kubwa zaidi, akasema haya sasa ni ya kwangu.

Jambo lake la mwisho ni kwamba alitaka kwenda kwao akamwone dada yake, wakati bado anaweza kumwita kwa jina.

Miaka iliyofuata siiandiki kirefu. Alikaa nasi miaka sita mingine, mitatu ya mwisho bila kunijua, na wakati mwingine alinidhania kuwa karani mmoja wa sokoni aliyekuwa akikusanya ushuru, akanikaripia. Alipofariki tulimzika pale alipotaka. Ninachokirudia kichwani si hicho. Ni safari yenyewe ya Majita.

Tulipanda basi hadi Musoma, kisha gari la mizigo hadi kijijini kwao ziwani. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka saba hivi, alikuwa anaanika dagaa kwenye mchanga. Walikumbatiana muda mrefu. Mke wangu alimwita kwa jina lake na kwa jina la utani la utotoni, na dada mtu, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua ya kumweleza hali, akanitazama kama kwamba nilimdanganya.

Mchana tulikaa kwenye jamvi, wajukuu wakatuzunguka, wakataka kusikia tulivyooana. Nikasimulia mimi, kama nilivyozoea kuwasimulia watoto wetu. Nilisema nilivyokuja pale kuposa, nikiwa na shati jeupe la kuazima, jinsi baba mkwe alivyonipa kigoda kifupi kuliko cha wengine ili anipime adabu, jinsi nilivyonawishwa mikono kwenye beseni la bati lenye maua mekundu, na mbuzi aliyekatiza katikati ya mazungumzo akala kofia ya mshenga.

Mke wangu alitikisa kichwa. "Hukuja wewe," akasema. "Alikuja kaka yako na mshenga. Wewe ulikuwa na malaria. Ulikuja mwezi uliofuata."

Niliwatazama wajukuu, nikatabasamu, nikaona huruma. Nikamwambia polepole kwamba nilikuja, mama, nakumbuka hata beseni.

Dada yake akaacha kuchambua dagaa. "Amesema kweli," akaniambia. "Alikuja kaka yako. Sisi tulikuona wewe baadaye, umekonda, tukasema huyu ataishi kweli?"

Siku ile ninayo yote hadi leo, kigoda, shati lilivyobana kwapani, maua mekundu ya beseni yalivyochubuka upande mmoja. Kaka yangu alishafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama ni yeye aliyenisimulia, au kama wale wanawake wawili walikosea pamoja. Mimi ndiye niliyepimwa mara mbili nikaambiwa ni mzima. Wao walikuwa wameshahamia Kijita, wanazungumza kwa kasi, wanacheka, mke wangu anaonyesha kwa mikono jinsi nilivyokuwa mwembamba. Kijita changu ni cha kusikiliza tu, na nusu ya maneno ilinipita.